Nimepungua kilo 33, lakini chumbani nazima taa

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Njiro, Arusha, nina mume na mtoto mmoja wa miaka 10. Miezi saba iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo Nairobi, ule wa matundu madogo, wanakata sehemu kubwa ya tumbo na kuitoa. Nilikuwa na kilo 127, sasa nina 94. Sukari imeshuka, dawa nimeachishwa, ngazi napanda bila kuhema. Chumbani ndiko sielewi. Miezi ya kwanza hamu ilirudi mpaka mume akashangaa, sasa imepotea kabisa. Ngozi ya tumbo inaning'inia, nazima taa, akinigusa tumboni nautoa mkono wake. Yeye naye amekuwa mkimya. Ananiuliza nilikuwa wapi, mara aseme alinipenda nilivyokuwa. Nywele zinanyonyoka na nachoka ovyo. Je, upasuaji umeniharibu? Jambo la mwisho: zamani nilikuwa naona siku zangu mara tatu au nne kwa mwaka, na kwa miaka minane hatujatumia kinga yoyote na mimba haikuingia. Sasa zinakuja kila mwezi, ila mwezi huu zimechelewa siku tisa. Rafiki alinishauri vidonge vya majira, nameza nikikumbuka.

JIBU: Marahaba, mama. Nitaanza na hilo uliloliita jambo la mwisho. Kesho asubuhi, kabla ya chai, pima mimba kwa mkojo wa kwanza. Kipimo kipo duka lolote la dawa. Kikitoka hasi na siku zako zisipoonekana, rudia baada ya wiki moja. Mengine yote uliyouliza yanaweza kusubiri.

Miaka ile minane haikuwa bahati mbaya. Mwanamke mwenye uzito mkubwa, hasa akiwa na sukari, mara nyingi huwa na insulini nyingi kwenye damu. Insulini hiyo huichochea ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi, yai halipevuki kila mwezi, na hedhi inakuja inapojisikia. Wengi wenu mna tatizo ambalo hospitalini huitwa PCOS na hamjawahi kuambiwa. Uzito ukianza kushuka, insulini inashuka nao, na yai linaanza kupevuka tena, wakati mwingine ndani ya miezi michache tu ya upasuaji, mgonjwa bado yuko kwenye uji na supu. Mama aliyezoea kujihesabu hazai anajikuta anazaa kuliko alivyokuwa akiwa na miaka 30. Hedhi yako ya kila mwezi ilikuwa inakupa taarifa hiyo.

Sasa, kwa nini hili ni la haraka? Ushauri unaotolewa karibu kila mahali ni kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kubeba mimba. Katika kipindi hicho unakula kidogo mno, mwili unaunguza akiba yake, na madini na vitamini viko chini. Mtoto anayetungwa wakati huo yuko kwenye hatari ya kuzaliwa mdogo kuliko anavyotakiwa. Baada ya uzito kutulia mambo hugeuka upande wako: mimba ya mwanamke aliyepungua ina hatari ndogo ya kisukari cha mimba na ya mtoto mkubwa kupita kiasi kuliko mimba ya mwanamke huyohuyo akiwa na kilo 127.

Ikiwa kipimo kitaonyesha mistari miwili, usikimbilie kwa mtu wa kukupa kitu cha "kushusha". Watoto wengi wamezaliwa salama hata mimba ilipoingia mapema. Nenda kliniki mapema, usingoje miezi mitano kama wengi wetu tulivyozoea, na waambie kwa sauti kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo. Kuna mambo matatu hawatayajua usipowaambia. La kwanza, folik asidi yako inapaswa kuwa ya miligramu 5 kwa sababu uzito bado uko juu, na vitamini B12 ipimwe, maana folik asidi peke yake inaweza kuficha upungufu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. La pili, kipimo cha sukari cha kunywa glukosi kinaweza kukuletea kizunguzungu, jasho na mapigo ya moyo kwenda mbio, kwa kuwa tumbo lako sasa linamwaga vitu haraka kwenye utumbo. Hili ni kali zaidi kwa waliofanyiwa baipasi, upasuaji wa kuunganisha utumbo ili chakula kiruke sehemu yake ya juu, lakini hata wewe linaweza kukupata. Waombe badala yake ujipime sukari nyumbani kwa tone la damu ya kidole kwa siku kadhaa, asubuhi na baada ya kula. La tatu, vitamini A uliyopewa baada ya upasuaji iangaliwe ni ya aina gani. Ile ya retinoli ikizidi si salama kwa mimba changa.

Kipimo kikitoka hasi, tunahamia kwenye vidonge vyako vya "nikikumbuka". Acha kuvitegemea. Ungekuwa umefanyiwa baipasi, ningekuambia uviache hata kama humezi kwa kusahausahau, kwa sababu dawa inaweza isinyonywe vya kutosha. Kwako, ambaye tumbo limepunguzwa tu na utumbo haujaguswa, unyonywaji si tatizo kubwa, ila kutapika na kuharisha ni tatizo, na kusahau ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Vidonge vyenye estrojeni vina jambo lingine pia. Vinaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na uzito mkubwa nao unaiongeza.

Ukiniuliza mimi ningechagua nini kwa mwanamke wa kilo 94 mwenye uchovu na nywele zinazodondoka, ningesema kijiti cha mkononi, au kitanzi cha homoni kikipatikana. Kitanzi cha shaba ni kizuri, kinadumu miaka kumi, lakini kinaweza kuongeza damu ya hedhi, na wewe damu huna ya kumwaga. Sindano ya miezi mitatu naiweka nyuma, kwa kuwa inahusishwa na kupungua kwa uimara wa mifupa na kwa wengine huongeza uzito. Upasuaji wenyewe tayari unaigusa mifupa, na kuhusu uzito hukwenda Nairobi ukalipa pesa yote ile ili uurudishe kwa sindano. P2 nayo, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambayo najua mabinti na mama zao huinunua kimyakimya, nguvu yake hupungua kwa mwenye uzito mkubwa, kuanzia hata kilo 70 hivi. Kwa kilo zako usiifanye ngao. Ikitokea dharura, kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku tano kinazuia vizuri zaidi. Huduma hizi za uzazi wa mpango hutolewa bure kwenye vituo vya serikali.

Kama mnamtaka mtoto wa pili, sikuambii msubiri mpaka mambo yote yawe sawasawa. Una miaka 38, na umri nao una hesabu yake. Kwako ningelenga mwezi wa 12 baada ya upasuaji, tuangalie kama uzito umeanza kutulia na vipimo viko sawa, kisha tutoe kijiti. Uzazi unarudi upesi kijiti kikitoka. Sindano ndiyo inayoweza kuchelewesha kwa miezi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha.

Sasa swali lenyewe. Upasuaji haujakuharibu. Kilichokupata kinajulikana, na sehemu yake kubwa inatibika kwa vidonge vya bei ndogo.

Tuangalie kwanza kwa nini hamu ilirudi, kwa sababu watu hufikiri ni uchawi wa kupungua tu. Sukari ikishuka, neva na mishipa midogo ya damu hufanya kazi vizuri zaidi, na msisimko wa mwanamke unategemea damu kama wa mwanaume. Usingizi unarudi: mtu wa kilo 127 mara nyingi hukoroma na kukatika pumzi usiku, anaamka amechoka kama alikuwa analima, na mwenzake amehamia chumba cha watoto. Halafu kuna jambo ambalo wanawake hawalisemi hata kwangu mpaka niulize, mkojo kuvuja ukicheka, ukikohoa, na ukiwa kwenye tendo. Wengi huacha tendo la ndoa kwa ajili ya hilo pekee, na mume akadhani hapendwi. Uzito ukishuka, kuvuja huko hupungua sana. Ongeza na kwamba viungo haviumi na pumzi ipo. Cha kushangaza, homoni za kiume kwenye damu ya mwanamke hushuka baada ya upasuaji, na hizo ndizo husemwa zinaleta hamu. Kumbe hamu yako ilikuwa imefungwa na mambo mengine kabisa.

Kisha ikapotea, na angalia imepotea na nini: uchovu, nywele kudondoka. Nywele kudondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita ni kawaida kwa anayepungua haraka, na kwa walio wengi huota tena. Lakini zikiendelea na uchovu ukiwa juu yake, mimi namshuku mtu mmoja, madini chuma. Tumbo lililopunguzwa lina asidi kidogo, na chuma kinahitaji asidi ili kinyonywe. Nyama wengi wenu mnaikwepa kwa sababu inakwama. Na wewe hedhi uliyokuwa unaiona mara tatu kwa mwaka sasa inakuja mara kumi na mbili. Piga hesabu ya damu inayotoka na chuma kinachoingia. Mtu mwenye upungufu wa damu hana hamu ya kitu, hata ya kuchana nywele.

Nenda ukapime wingi wa damu, akiba ya chuma (feritini), vitamini B12, vitamini D, homoni za tezi la shingo na sukari ya miezi mitatu. Usikubali kupimwa wingi wa damu pekee ukaambiwa uko sawa, kwani akiba ya chuma hukauka kabla damu haijashuka. Na tazama namna unavyomeza dawa zako. Kidonge cha chuma ukikisindikiza na chai, kama tunavyofanya kila nyumba hapa, chai hiyo inakizuia kunyonywa. Chuma na kalsiamu vikimezwa pamoja vinagombana, viachanishe kwa saa mbili. Msomaji mwingine anayetumia ARV zenye dolutegraviri asivimeze hivi pamoja na dawa yake tumbo likiwa tupu: ameze ARV saa mbili kabla, au saa sita baada ya chuma na kalsiamu. Na amwone daktari wake kabla ya upasuaji wowote wa tumbo.

Protini nayo. Mtori ni mtamu na unapita vizuri kwenye tumbo dogo, najua, lakini mtori unaokuta kwenye bakuli nyingi ni ndizi kwa wingi na nyama kwa kunusa. Geuza uwiano. Yai, dagaa, maziwa mgando, maharage yaliyopondwa, kuku aliyeiva mpaka akaachia mfupa. Hivyo vianze, wanga ufuate nafasi ikibaki.

Nitaje na vitu viwili vidogo vinavyoua mapenzi kuliko ngozi, na hakuna anayevisema. Mwili unaounguza mafuta yake hutoa harufu fulani mdomoni ambayo mswaki hauitoi, na hupungua mtu akinywa maji ya kutosha na uzito unapotulia. Gesi tumboni nayo huongezeka, hasa kwa waliofanyiwa baipasi. Usiende kitandani mara tu baada ya kula. Tumbo lako sasa halina pa kujificha, ukilibana lina kitu linakirudisha juu.

Kama uke ni mkavu, tumia kilainishi cha maji kutoka duka la dawa. Vaseline na mafuta ya nazi huharibu kondomu. Na kama kuna maumivu, usivumilie kwa jina la ndoa, njoo tuangalie.

Ngozi. Hapa sitakupaka maneno. Ngozi iliyovutwa kwa miaka mingi hairudi yote, na hakuna krimu itakayoirudisha, iwe ya dukani au ya kwenye simu yenye picha za kabla na baada. Okoa pesa yako. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito yanajaza misuli chini yake na yanasaidia kiasi. Upasuaji wa kuondoa ngozi upo, ila haufanywi mpaka uzito umetulia kwa miezi kadhaa, maana yake mara nyingi mwaka mmoja na nusu hivi baada ya ule wa kwanza. Na kama mtoto yuko kwenye mpango, ngozi isubiri mpaka baada ya mtoto. Kwa sasa, chini ya mkunjo wa tumbo pakaushwe vizuri baada ya kuoga. Pakiwasha, pakiwa pekundu na kunuka, hiyo ni fangasi na ina dawa yake, na ukiitibu utaona hata kuguswa hakukuudhi tena kama zamani. Nimeona wanawake wanaodhani wanaona aibu, kumbe wanaumia.

Aibu yenyewe ipo, sikatai. Wengi wenu mlitegemea mwili wa kilo 94 ungekuwa ule mliokuwa nao mkiwa na kilo 94 zamani, na kioo kinaonyesha mwili mwingine. Mkono wa mumeo unapofika tumboni, wewe unafikiri anaona unachokiona wewe. Yeye kwa upande wake anajua kitu kimoja tu, kwamba ameondolewa. Kuzima taa hakuna ubaya, nusu ya ndoa za Arusha zinaendeshwa gizani na watoto wanazaliwa. Kuutoa mkono bila neno ndiko kunakovunja. Mwambie kwa maneno: "Tumboni bado, nishike hapa." Vaa kitu kinachoshika tumbo ukitaka, khanga, gauni jepesi, chochote. Mlaze ubavu nyuma yako, tumbo lisiwe kati yenu. Na kwa majuma mawili matatu kubalianeni kushikana na kukandana tu, bila kulazimika kumaliza na tendo, mpaka mwili wako uache kujikunja kila unaposikia hatua zake. Watu wananicheka nikisema hivi. Wakijaribu, hawacheki.

Sasa mumeo. Nasema wazi, sipendi namna wagonjwa wa upasuaji huu wanavyoandaliwa. Wanafundishwa kutafuna mara ngapi, wanafundishwa gramu za protini, na hakuna anayewauliza wanalala na nani. Mume hukaa nje kwenye benchi, analipa, anapewa mke mwingine.

Jiweke kwenye viatu vyake hapa kwetu. Mke akinenepa, sifa ni za mume, anamtunza. Mke akipungua kilo 33 kwa miezi saba, sifa za nani? Bila shaka ameshaulizwa kazini, ameshaulizwa kanisani au msikitini, ana nini shemeji. Wengine hawaulizi, wanahitimisha: ana ngoma. Kama kwao ni Kibosho au Marangu, Desemba mnapanda kwao mlimani Kilimanjaro, na ukoo mzima utakukagua kuanzia getini. Wewe uliamua jibu lako la kuwapa watu. Yeye uliwahi kumwuliza la kwake ni lipi? Kaeni mkubaliane mtasema nini na mtamwambia nani ukweli. Ni haki yako upasuaji ubaki siri, lakini siri hiyo ibebwe na watu wawili waliokubaliana.

"Ulikuwa wapi" ni hofu. Nchini Sweden kuna utafiti ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia waliofanyiwa upasuaji kwa miaka mingi. Uligundua kwamba waliokuwa na wenza waliachana zaidi kuliko watu wanene ambao hawakufanyiwa upasuaji, na waliokuwa peke yao walipata wenza zaidi. Walioachana hawakuwa wengi, ndoa nyingi zilibaki. Lakini mumeo hahitaji kusoma utafiti wa Sweden ili aogope, anaona macho ya wanaume pale Clock Tower mkipita. Ukisikia "nilikupenda ulivyokuwa", unaweza kusikia anakataa mafanikio yako. Mara nyingi anauliza kama bado ana nafasi. Mjibu hilo. Ila nitofautishe: mume anayeogopa huuliza na kununa. Akianza kukukataza kutoka, kukagua simu kila siku, kukunyima chakula chako au kukulazimisha tendo, hiyo ni kesi nyingine na haitibiwi kwa uvumilivu wako.

Na kuna uwezekano mwingine ambao nakuomba uupokee kwa upole. Kwa miaka mingi mlizoea kwamba tatizo la chumbani ni wewe. Umechoka, unaumwa magoti, hutaki. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu mwenye presha ambaye nguvu zake zimeanza kulegea anaweza kujificha nyuma ya hapo hata miaka kumi bila mtu kujua. Halafu ghafla mke anarudi na hamu. Ukimya wa mume wa namna hiyo hauhusiani na tumbo lako. Sijui kama ndivyo kwa mumeo, lakini ulisema alishangaa, hukusema alifurahi. Apime presha, sukari na mafuta kwenye damu. Uume kushindwa kusimama kwa mtu wa umri huo unaweza kuwa dalili ya mishipa ya moyo inayoanza kuziba, miaka kadhaa kabla ya kifua kuuma. Asianze na vumbi la Kongo, ule unga wa mitaani wa nguvu za kiume. Dawa za namna hiyo, katika nchi mbalimbali, zimekutwa zimechanganywa sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, kimyakimya, na sildenafili ikikutana na dawa za moyo za kundi la nitreti, presha hushuka mpaka mtu akaanguka.

Kwa wanaume wanene wanaonisoma: mafuta ya tumbo hugeuza homoni yenu ya kiume kuwa ya kike, na uzito ukishuka homoni ya kiume hupanda, mara nyingi na nguvu zikarudi. Kuhusu mbegu za uzazi siwaahidi, matokeo yanachanganya, na anayetafuta mtoto apimwe kabla na baada.

Je, ni wote hunufaika? Hapana. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu kwa miaka mitano, kati ya wale ambao hawakuridhika na maisha yao ya tendo la ndoa kabla ya upasuaji, takriban nusu walipata nafuu ya kuonekana. Nusu nyingine hawakuipata. Naitaja kwa ajili ya wanaofikiria kupanda basi la Namanga kwenda Nairobi, au kwenda hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, kufanyiwa upasuaji huu kwa sababu ya kitanda pekee. Upasuaji huu ni kwa ajili ya sukari, presha, pumzi, magoti. Chumbani ni nyongeza, ikija.

Pombe niiseme kwa kifupi. Baada ya upasuaji, hasa baipasi, pombe hupanda kichwani haraka na kukaa zaidi, na hatari ya kuitegemea huonekana zaidi kuanzia mwaka wa pili. Kikombe kimoja cha mbege cha sasa si kile cha mwaka juzi. Wapo wanaoanza kunywa ili waweze kuvua nguo. Ukijiona unaelekea huko, sema mapema.

Na kwa aliyetoka hospitalini juzi: kwa upasuaji wa matundu madogo, tendo la ndoa laweza kurudi baada ya wiki mbili hadi nne ikiwa vidonda vimekauka na hakuna maumivu, bila kubeba uzito wa mwenzako tumboni. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu asubiri kama wiki sita. Kinga ya mimba ianze kabla ya tendo la kwanza.

Sasa pa kwenda. Hapo Arusha, hospitali ya Mount Meru au kituo chochote chenye daktari wa wanawake kinatosha kwa kipimo, damu na kijiti. Mkihitaji wataalamu zaidi, pamoja na wa mfumo wa mkojo kwa mumeo, hospitali ya KCMC, Moshi, haiko mbali, nendeni siku moja wote wawili ili kila mmoja aonwe upande wake. Kabla ya hapo, waandikie Nairobi wakutumie ripoti ya upasuaji. Iwe na jina kamili la upasuaji, kama utumbo uliguswa au la, na orodha ya vitamini ulizoandikiwa. Wagonjwa wengi huniambia "walipunguza tumbo" wakati walifanyiwa baipasi, na ushauri wangu juu ya vidonge vyako nimeujenga juu ya maelezo yako. Ripoti ikisema baipasi, vidonge vya majira viache kabisa, tumia kondomu mpaka siku ya kijiti, na uniandikie tena.